Aliyenyamaza Ndani ya Mtungi

Ndugu zangu, kuna jambo nimelisoma na kulitafakari kwa miaka, na mpaka leo halijaniingia akilini. Huko Kakheti, mashariki mwa nchi ya Georgia, chini ya milima yenye theluji, watu huzika mitungi ya udongo ardhini mpaka shingoni, mitungi ambayo mtu mzima husimama ndani. Humo humimina maji ya zabibu iitwayo Saperavi, ambayo ukiipasua hata nyama yake ni nyekundu. Kisha maji yale huchemka. Hakuna kuni, hakuna jiko. Huchemka yenyewe gizani, yakivuma kama mzinga wa nyuki, halafu hutulia, yakawa divai. Nani aliyawasha? Nani aliyazima? Wataalamu watakueleza vizuri, na bado utabaki mdomo wazi.

Basi huko kulikuwa na mtu na mdogo wake, waliorithi mtungi mmoja kwa baba yao. Shamba waligawana, wakagombania mpaka, wakaacha kusemezana. Lakini mtungi uliozikwa utaugawaje? Kila mwaka kabla ya mavuno walikutana hapo kuusafisha, na maneno yao yalipitia kwa mke wa yule mkubwa.

"Shemeji, mwambie mumeo kamba haijakaza."

"Kaka yako huyu hapa, unamgusa bega!" mama yule alisema. "Mimi si posta. Naenda kuchota maji, mtajijua."

Akaenda zake. Kaka akaikaza kamba kiunoni, akashuka.

Sasa sikilizeni desturi yao. Hewa ya ndani ya mtungi ni nzito, inaweza kumlegeza mtu asipate hata nafasi ya kulia. Kwa hiyo aliye ndani husugua huku akiimba, na aliye juu humwitikia. Wimbo ukikatika, vuta kamba upesi.

Kaka aliimba. Mdogo hakuitikia. Alikaa ukingoni ameshika kamba, meno ameyauma. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na sauti ile ilipanda kutoka ardhini kubwa kuliko mwanadamu, kana kwamba udongo wenyewe unaimba. Alitamani kuitikia. Kiburi kikamzuia.

Mara wimbo ukakatika.

Anapumzika, alijiambia. Kisha damu ikamwenda mbio.

"Kaka!"

Akainamia mdomo wa mtungi.

"Kaka! Kaka yangu!" Akavuta kamba kwa nguvu zote, machozi yakimtoka.

"Taratibu, utanikata kiuno," sauti ikajibu. "Nipo."

"Mshenzi wewe! Mbona ulinyamaza? Nilidhani umekufa!"

"Nami nilidhani wewe umekufa, mdogo wangu. Miaka yote hii naimba, huitikii."

Mnalisikia hilo? Sisi tulidhani hatari ipo kwa yule aliye shimoni, kumbe aliyekuwa kimya kama maiti ni yule aliyekaa juani! Sitamhukumu, nani kati yetu hajawahi kukaa ukingoni hivyo? Nyumbani kwako yupo anayekusalimu kila asubuhi nawe unaguna. Yupo anayepiga simu ukaiacha ilie. Huyo anaimba, na anapoimba anauliza: upo? Na Mungu je, ambaye hachoki kutuita tangu alfajiri? Tunasema yuko kimya. Hivi sisi tumemwitikia lini? Tusingoje wimbo ukatike ndipo tupate sauti.

Siku ile habari ya mpaka hawakuigusa. Waliamua jambo moja tu: nusu ya mtungi iliyobaki asafishe mdogo, na kaka akae juu. Mdogo akajifunga kamba ileile, akampa kaka yake ncha ya pili, akashuka. Na kabla nyayo zake hazijagusa chini, kabla hajafungua kinywa kuimba, kutoka juu kaka yake alikuwa amekwisha kuanza kumwitikia.