Ua la Mzee Nukta

Maabara ilikuwa kimya kama maji mtungini. Kilibaki kipande kimoja tu cha kioo, na madaktari wa watoto walikuwa wakisubiri lenzi ndogo itakayopita katika koo la mtoto mchanga pasipo kumuumiza. Lenzi hiyo haisagwi kama ya miwani. Juu ya kioo huchongwa vinguzo, yaani nguzo ndogo mno, vyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa, ili vikusanye mwanga mahali pamoja.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Nukta, kwa kuwa hakusamehe hata nukta iliyopinda. Kwa miaka sita alichora mpangilio wa vinguzo wenye umbo la ua, petali kwa petali. Kila aliyeuona alishika kinywa.

Msaidizi wake, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake tangu chuoni, alifuata njia nyingine. Aliiamuru kompyuta ibuni mipangilio mia mbili ovyo ovyo, iipime, itupe iliyo dhaifu, ioanishe iliyo bora, na kugeuza vinguzo viwili vitatu katika kila kizazi. Baada ya vizazi elfu tatu, ulizaliwa mpangilio wenye sura ya dengu zilizomwagika sakafuni.

Mzee aliutazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwanangu, hii imechorwa na kuku?"

"Labda, Mwalimu. Lakini tukigawe kioo nusu kwa nusu, tuchonge wako huku na wangu kule, mwanga wenyewe uamue."

Msaidizi alimheshimu mno mzee, na hakuyasema hayo kwa wepesi. Mzee akakubali.

Siku ya vipimo, ua lilikusanya sehemu arobaini na moja tu za mwanga kati ya mia. Dengu zikakusanya themanini na saba. Walipima tena na tena. Matokeo yakawa yale yale. Mzee aliketi, uso umemsawijika. Msaidizi akavuta kiti, akaketi kando yake.

Hatimaye mzee akasema taratibu, "Nililipenda ua kwa sura, nikaacha kuliuliza linafanya nini." Kisha akawaandikia madaktari kwamba lenzi imepatikana, na aliyeipata ni msaidizi wake.

Mwaka uliofuata, lenzi ile ilipita kooni mwa mtoto wa siku nne. Daktari akaona kilichomziba pumzi, akakiondoa. Mama mtu hakujua habari za ua wala dengu. Alisikia tu mwanawe akilia kwa sauti. Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.