Marahaba ya Siku ya Tano

"Aliyefunika mdomo hakufunika moyo." Kwetu Rungwe utaambiwa maneno haya ukimdhania vibaya mtu aliyekaa mbali nawe. Methali yenyewe si ya kale. Waliomjua mtu aliyeileta bado wapo, na Bibi Bupe ni mmoja wao. Ilianza hivi, kama alivyoisimulia siku ya kumenya ndizi za harusi.

Vijana walikuwa wamezunguka sufuria kubwa uani, mikono yao myeusi kwa utomvu. Karibu na lango, peke yake na beseni lake, alikaa Sekela, binti wa miaka kumi na saba aliyekuja kutoka Japani kuhudhuria harusi ya binamu yake. Alikuwa na mafua, na tangu asubuhi hakuwa ameivua barakoa yake. Atuganile, binamu yake mwingine, alivumilia mpaka ndizi za tenga la pili, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Tangu juzi hajakaa nasi hata mara moja," alinong'ona. "Kama tunanuka, si aseme?"

Bibi Bupe alimsikia. Masikio ya bibi huyo yalikuwa mazima kuliko meno yake.

"Aliyefunika mdomo hakufunika moyo," alisema.

"Hiyo umeitunga sasa hivi, Bibi."

"Ningekuwa na akili ya kutunga methali ningekuwa hapa namenya ndizi na wewe? Aliileta marehemu kaka yangu, babu yake huyo huyo unayemsema. Haya, menyeni. Masikio hayashiki utomvu."

Basi wakamenya, naye akasimulia.

Mzee Ambilikile Mwaisumo alikuwa bwana mifugo mstaafu, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kusalimia watu. Kutoka nyumbani kwake mpaka mahali pa kupeleka maziwa ni mwendo wa dakika kumi. Yeye alitumia saa nzima. Kila aliyekutana naye njiani alishikwa mkono na kuulizwa habari za ng'ombe, za watoto na za mguu uliokuwa ukiuma mwaka juzi, na mkono wenyewe hauachiwi mpaka majibu yote yametoka. Maziwa mengine yaliganda kwa sababu ya salamu hizo. Mzee hakujali. Alikuwa akisema kwamba mtu usiyemwona uso hujamsalimia.

Mwanawe, Gwakisa, alikwenda Japani kusoma, akapata kazi huko, akaoa huko huko. Mkewe aliitwa Mayumi. Walipojaliwa mtoto wa kike, alizaliwa njiti, mdogo kiasi kwamba alilala hospitali wiki saba kabla hawajaruhusiwa kumpeleka nyumbani. Siku aliporuhusiwa, Gwakisa alimtumia baba yake tiketi. Mtoto alikwisha kupewa jina la Kijapani la kuandikwa kwenye karatasi za serikali, lakini jina la nyumbani lilikuwa bado. Katika ukoo wa Mwaisumo jina hilo hutolewa na babu, tena mtoto akiwa mikononi mwake. Bila kumpakata hakuna jina.

Mzee alikuwa na siku kumi tu za kukaa huko. Mkewe, Tumpe, miguu ilikuwa ikimsumbua na hakuweza kusafiri, kwa hiyo alimfungia doti ya kanga ya kumpa mkamwana wao. Kanga zenyewe zilikuwa nyekundu, na zilikuwa zimeandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni akaenda. Alipanda ndege tatu, na katika ile ya tatu baridi ilimwingia kifuani. Aliposhuka alikuwa akikohoa kikohozi kizito cha kutokea tumboni. Gwakisa alimpokea akiwa amefunika pua na mdomo kwa kitambaa cheupe chenye kamba za masikioni, na mkononi alishika kingine kama hicho.

"Shikamoo, Baba. Vaa hii."

"Marahaba. Nani anapasuliwa?"

"Hapasuliwi mtu. Huku mtu mwenye mafua ndivyo anavyofanya."

Mzee alikipokea, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Katika treni alikohoa njia nzima. Kwao mtu akikohoa namna ile angepewa pole na abiria wote, na mama mmoja angetoa tangawizi kwenye mkoba wake. Hapa hakuna aliyesema neno. Msichana aliyekaa kando yake aliinama. Mwanamume wa mbele, mzee kama yeye, alinyanyuka taratibu akaenda kusimama mlangoni. Ambilikile akaona uchungu. Amekuja nchi ya watu wasiojua pole, alijisemea.

Lakini uchungu wenyewe ulimngoja nyumbani. Mayumi alisimama ukumbini, mbali na mlango, amefunika uso kama mumewe. Mzee alinyoosha mkono. Mayumi hakuupokea. Aliinama chini sana, akakaa hivyo kwa muda, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Mkono wa mzee ukabaki hewani peke yake mpaka Gwakisa alipouwekea begi.

Msicheke. Fikirini ninyi mmetoka Rungwe, mmepanda ndege tatu, halafu mke wa mwanenu anasimama mbele yenu ameziba pua. Kwetu mtu akikuzibia pua amekwisha kukutukana, hana haja ya kuongeza neno.

Mtoto alionyeshwa kwa mbali, kutoka upande wa pili wa chumba. Alikuwa na nywele nyingi na ngumi ndogo iliyokunjwa. Mzee alisogea, na Mayumi akasogea naye, kuelekea ukutani.

Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Gwakisa alimbembeleza.

"Baba, mapafu ya mtoto bado machanga. Daktari ametuonya. Vaa tu, unawe mikono, umpakate."

"Nimpe jina nikiwa nimeficha uso? Mwizi ndiye anayeficha uso."

"Si wewe uliyemzuia mchungaji kuingia banda la ndama kwa sababu hakukanyaga dawa ya kuua vijidudu pale mlangoni?"

"Mchungaji alikuwa na tope miguuni. Mimi nina tope usoni?"

Ubishi huo mnaujua, mmeurithi wote. Siku ya nne jioni mzee alimwambia mwanawe amtafutie ndege ya kurudi mapema. Gwakisa akamwambia jambo ambalo hakuwa amelisema.

"Mayumi ameniuliza mbona hukumwitikia."

"Kuitikia nini? Hajanisalimia tangu nifike."

"Alikusalimia, Baba. Pale mlangoni, alipoinama. Amejifunza mwezi mzima kusema 'Shikamoo, Baba'. Alikuwa akilisema hata akiosha vyombo. Aliogopa kulikosea, kwa hiyo sauti haikutoka vizuri. Anadhani umemkataa."

Mzee alikwenda kulala, na kiburi hakikumruhusu kuamka na kusema lolote. Lakini neno lile lilimkaa. Katika maisha yake hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini.

Asubuhi ya siku ya tano aliamka na kikohozi chake, akatoka chumbani kwenda kutafuta maji ya moto. Kwenye kona ya ukumbi kilimbana, akakohoa mara mbili. Mayumi alikuwa mbele yake, amembeba mtoto kifuani na amejitanda moja ya zile kanga nyekundu. Alipokisikia kikohozi aliingia haraka nyuma ya mlango wa pembeni, akavuta upindo wa kanga, akaufunika uso wa mtoto na wake. Akasimama pale, ameinamisha kichwa, akingoja mzee apite.

Mzee Ambilikile hakupita.

Alikuwa amemwona mama yake.

Alimwona kwenye njia ya migombani, tenga la ndizi kichwani, naye Ambilikile mtoto wa miaka sita akimfuata nyuma ameshika nguo yake. Siku zile mke hakumtazama baba mkwe usoni, wala hakukutana naye njiani. Na baba mkwe, kila alipokaribia kona, alikohoa mara mbili ili mkamwana asikie. Mama akisikia, humvuta mwanawe migombani, hugeuka, na kujifunika uso kwa nguo mpaka hatua za mzee zipotee. Umande wa majani ya migomba uliwadondokea shingoni. Ambilikile aliikumbuka baridi yake, na harufu ya ile nguo, moshi na mafuta ya nyonyo, harufu ambayo hakuwa ameinusa tangu alipomzika mama.

Siku moja alimuuliza, "Mama, unamchukia Babu?"

Mama alicheka mpaka akatua tenga chini. "Ningekuwa namchukia ningemkodolea macho," alisema. "Heshima ndiyo inayonifunika. Na yeye hukohoa kwa nini, kama si kuniheshimu?"

Na ni mama huyo huyo, babu alipozeeka na kulala, aliyempikia kila siku na kumtuma Ambilikile apeleke chakula, bila kuuona uso wa mzee hata mara moja. Babu alikuwa akimaliza kula, anasema, "Mwambie mama yako nimeshiba." Watu wale wawili walipendana hivyo miaka ishirini, na nguo ikiwa katikati yao.

Mzee aliisoma kanga iliyofunika kichwa cha mjukuu wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliona aibu. Mgeni gani huyu, aliyevuka nchi za watu kumletea mwenyeji kikohozi, kisha akanuna kwa nini hapewi mtoto?

Alirudi chumbani. Katika mfuko wa koti kile kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa vizuri. Alikivaa juu chini, akakivua, akakivaa tena. Alinawa mikono mpaka viwiko, kama alivyokuwa akinawa kabla ya kumzalisha ng'ombe. Kisha akaenda mpaka karibu na chumba cha Mayumi, akasimama kwenye kona, na safari hii akakohoa kwa kusudi, mara mbili, taratibu, ili ndani wasikie kwamba baba mkwe anakuja. Akangoja.

Gwakisa ndiye aliyefungua. Alimwona baba yake na kitambaa usoni, akasogea kumpisha.

Mzee alimtazama Mayumi aliyekuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ya juu, kwa sababu sasa alijua jinsi kitambaa kile kinavyomeza maneno:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nimechelewa kukuitikia."

Mayumi hakuwa anajua Kiswahili zaidi ya ile shikamoo, lakini neno hilo alikuwa amelisubiri siku tano. Macho yake yalijaa machozi. Alikuja mwenyewe, hatua zote, akamweka mtoto mikononi mwa mzee.

Mtoto alikuwa mwepesi. Alimtazama mzee machoni, maana uso mwingine haukuwapo, naye mzee akamtazama hivyo hivyo. Gwakisa alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona baba yake akimtazama mtu kwa muda mrefu namna ile bila kumuuliza habari za ng'ombe.

"Sekela," mzee alisema. Lilikuwa jina la mama yake. "Umepewa jina la mwanamke aliyejua kujifunika. Aliyefunika mdomo hakufunika moyo."

Hakuondoka mapema. Siku zilizobaki alikaa na kitambaa chake, akimbeba Sekela kila aliporuhusiwa. Katika treni ya kurudi uwanja wa ndege alikohoa kidogo ndani ya kitambaa, na mama mmoja mzee aliyekaa mbele yake akainamisha kichwa. Ambilikile akainamisha chake. Aliwaambia watu baadaye kwamba ile ilikuwa pole, ila wao huisema kwa kichwa.

Huku nyumbani tulimcheka sana. Akipatwa na mafua alijifunga leso usoni na kusalimia watu akiwa ng'ambo ya njia, yeye aliyekuwa haachii mkono wa mtu! Wengine walinuna, wakasema Japani imempandisha mabega. Kila aliyenuna alijibiwa kwa maneno yale yale, mpaka watoto wakayashika, wakayapeleka shuleni na sokoni. Miaka ilipofika ambayo dunia nzima ilivaa barakoa, Ambilikile alikwisha kufariki, lakini maneno yake yalikuwapo tayari.

Bibi Bupe aliishia hapo. Alikuwa ameshika ndizi moja kwa muda mrefu bila kuimenya, na macho yake yalikuwa mbali, huenda kwenye ile njia ya migombani, maana mama wa Ambilikile alikuwa mama yake pia.

Vijana walitazama langoni. Sekela alikuwa ameinamia kazi. Beseni lake lilikuwa limejaa kuliko ya wengine wote, ndizi nyeupe zimepangwa ndani ya maji, na vidole vyake, visivyozoea, vilikuwa vimekatwakatwa na kisu. Alikuwa amemenya tangu alfajiri, peke yake, upande ule ambao upepo unatokea kwa watu na kuelekea nje.

Atuganile alifuta mikono. Alichukua chupa ya mafuta ya kuondolea utomvu, akaenda mpaka hatua tatu kutoka kwa binamu yake, akaiweka chini na kurudi nyuma kidogo.

"Sekela," alisema, "pole na mafua."

Juu ya barakoa, macho ya Sekela yalicheka.

"Asante, dada," alijibu, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyefundishwa nyumbani kwamba kitambaa humeza maneno.

Bibi Bupe alimenya ndizi yake, akaitupa sufuriani.

"Mmeona?" alisema. "Aliyefunika mdomo hakufunika moyo."