Nyumba Iliyoonjwa kwa Usingizi

Hapo zamani za kale, wakati mchana ulikuwa bado haujajifunza kukimbia, palikuwa na bonde lenye upepo mpole, na wanyama wa bonde hilo hawakuuziana nyumba kama tunavyouziana sisi. Waliuziana kwa usingizi. Sogeeni niwaeleze, na wewe wa nyuma uache kumfinya mwenzako.

Mnunuzi alilala mara mbili. Usingizi wa kwanza ulikuwa wa bei. Aliingia adhuhuri akajinyoosha, na kadiri alivyolala vizuri ndivyo alivyotakiwa kutoa zaidi. Akikosa hata lepe, alitoa kikapu kimoja cha mihogo tu, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kukataa.

Usingizi wa pili ulikuwa wa kukabidhiwa, kabla mwezi mpya haujaandama. Hapo mnunuzi alitakiwa aamke mwenyewe, bila kuguswa, kabla ya jua kuzama. Likizama naye anakoroma, mapatano yamevunjika, na asiiulizie tena nyumba ile maisha yake yote.

Basi, kulikuwa na Kindi mmoja mjane, jina lake Mwatime. Mumewe alimwachia nyumba kubwa iliyochakaa. Msiniulize kindi alifanya nini na nyumba kubwa namna ile, mimi nimeikuta hadithi iko hivyo. Katika chumba cha ndani walilala wanawe wanne, wadogo mno, hata macho hawajafumbua.

Siku moja mlango ukagongwa. Gu! Gu! Gu!

"Hodi! Nimekuja kuonja usingizi."

Alikuwa Tembo, na nyuma yake Bi Kanga, mjumbe wa bonde, amekuja kushuhudia. 

"Karibu, mzee," akasema. Angesema nini?

Tembo akajilaza. Jua likapenya kwenye tundu la paa likamchoma jichoni. Akageuka. Mlango ukalia kriii! Akageuka tena. Joto! Vumbi! Viroboto!

"Aa! Hapa hapalaliki!"

"Ka-ka-ka! Kikapu kimoja cha mihogo!" akatangaza Bi Kanga. "Nimesikia, nimeshuhudia, na bei haibadiliki!"

"Mzee wangu, nina watoto wachanga," Mwatime akasema huku machozi yakimtoka. "Tutakwenda wapi?"

"Dunia pana, bibiye. Mimi mwenyewe sitakaa humu. Nitamuuzia Kiboko."

Mwatime alitamani kulia mpaka jioni. Lakini alipolisikia jina la Kiboko, machozi yakakatika. Akajipangusa kwa mkia.

"Kiboko naye si ataonja usingizi?"

"Ataonja."

"Na viroboto hawa hawa, jua hili hili? Si atakupa kikapu kimoja kama utakachonipa mimi?"

 Tembo akapunga masikio polepole, fwap, fwap.

"Itabidi niitengeneze," akasema.

"Utaitengeneza ikishakuwa yako? Udongo utaununua, nyasi utazinunua. Lakini kwa nyumba ya mjane, nyasi za mtoni ni bure, na udongo wa kilimani ni bure. Bi Kanga, si ndivyo?"

"Ndivyo, tangu enzi za bibi yangu!"

"Itengeneze sasa, mzee, ingali kwa jina langu. Bei yako ni ile ile."

Tembo akacheka hadi kuta zikatikisika. "Kumbe una akili, we kadudu!"

Kesho yake akaanza. Akaezua paa lote, akaezeka upya kwa nyasi nene. Upenu akaushusha chini, kivuli kikalala juu ya kuta mchana kutwa.

"Imekwisha!" akasema, jasho likimtiririka.

"Kiboko anapenda upepo, mzee. Madirisha mawili yaelekeane, uingie huku utokee kule."

Puu! Puu! Tembo akatoboa madirisha. Upepo ukaingia pole, ukiwa na harufu ya maji na maua ya mpunga.

"Na sakafu, mzee?"

Akaikandika sakafu mpaka ikawa baridi na laini kama tumbo la mtungi. Akapaka kuta chokaa. Bawaba za mlango akazitia mafuta ya mbarika, nao mlango ukasahau kulia. Mwisho Mwatime akamletea godoro la sufi, lililojazwa taratibu na vidole vidogo.

Majirani walikuja kuchungulia. Walioingia walitoka wakipiga miayo. "Nyumba hii sasa ni ya ng'ombe kumi!" wakanong'ona, wakaenda zao wakipepesuka kidogo.

Siku ya kukabidhiana ikafika. Watoto wa Mwatime walikuwa wameanza kufumbua macho, na mama yao alikuwa ameshafunga mizigo. Alikuwa na hofu, wanangu, msidhani hakuwa nayo. Tembo akiamka, yeye analala nje.

"Nitafumba jicho kidogo tu," akasema Tembo. "Mtu asiniguse!"

"Hakuna atakayekugusa, mzee."

Akajilaza. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Nyasi za paa zikanong'ona shii, shii. Kivuli cha upenu kikasogea kwa upole, kikamfunika miguu, kiuno, masikio.

Tembo akaota. Aliota amekuwa mwepesi, anatembea juu ya mawingu wala hayabonyei. Alikutana na mama yake, aliyekufa zamani, akamsugua mgongo kwa mkonga na kumwambia, "Pumzika, mwanangu, umechoka." Naye kweli alikuwa amechoka. Alikuwa amejenga mwezi mzima.

Khoooo! Khoooo!

Jua likateremka. Likagusa kilima.  Likawa nusu, likawa ukucha, likazama.

"Limezama, naye anakoroma!" akapiga kelele Bi Kanga. "Ka-ka-ka! Mapatano yamevunjika!"

Tembo akafumbua macho. Akatazama dirisha alilolitoboa, paa aliloliezeka. Mngetegemea angenguruma, sivyo? Wala. Chozi moja lilimdondoka.

"Mwatime," akasema, "hukunigusa."

"Sikukugusa, mzee. Ulijenga vizuri mno."

Nje Kiboko alikuwa akisubiri. "Kama yeye kashindwa, nionje mimi!"

"Karibu, baba," akasema Mwatime, huku akifungua mizigo yake.

Kiboko alipoonja wa kwanza, bei ikawa ng'ombe kumi. Alipoonja wa pili, jua likazama naye anatabasamu usingizini. Wakafuata Nyati, Kifaru, hata Simba, wote wakapitiwa. Hakuna aliyeweza kuinunua, na watoto wanne wa Kindi walikulia humo humo, wanene, wenye kulala fofofo.

Kwa hiyo, wanangu, ukimtengenezea mnyonge nyumba kwa nia ya kumpokonya, jua umemtengenezea yeye.