Kilio cha Klachi Kilichobebwa Mdomoni

Hapo zamani, wala si mbali, maana trekta lilikuwepo, ila simu zilikuwa bado hazijajaa mifukoni, katika bonde la mpunga aliishi Mama Sekela. Alikuwa na trekta dogo, bonde zima hilo hilo moja. Nyie mliomaliza shule tulieni, hili halimo vitabuni mwenu. Mimi niliyeishia la tano ndiye ninalo.

Siku tano kabla ya mfereji wa maji ya mpunga kufungwa, trekta likaanza kulia. Kwiii-grrr. Kwiii-grrr.

Mama Sekela akatangaza, "Atakayeliponya, nikimaliza jaruba langu la mpunga nalima lake. Moja tu. Mawili, maji yatakuwa yamefungwa."

Asiyelimiwa angekula mchele wa kununua mwaka mzima, kama mtu wa mjini.

Bonde likajaa madaktari. Huyu gia, yule fenibelti, mwingine akasema trekta lina wivu. Mzee Anyosisye ni kiziwi, hakusikia kilio wala upuuzi wao. Akaegemeza mpini wa jembe kwenye gia boksi, ncha ya pili akaiuma kwa jino lake la mwisho. Akaashiria klachi ikanyagwe. Jino likatetemeka. Ikaachiwa. Likatulia. Ikakanyagwa tena. Likadondoka.

"Ni klachi," akasema, anatema damu. "Gia hazina kosa."

Fundi Kabeja yuko mjini, mwendo wa saa tatu, na trekta halisogei. Basi Lusajo, bingwa wa kuiga sauti, akapewa kilio akibebe mdomoni. Akaonywa, "Usikichanganye na maneno ya watu, kitaharibika."

Akaenda. Kwiii-grrr. Kwiii-grrr. Njiani akakutana na mama mkwe wake mtarajiwa, posa imepokelewa juzi tu.

"Baba, hujambo?"

"Kwiii-grrr."

"Nakusalimia, baba."

"Kwiii-grrr."

Posa ikarudishwa jioni ile ile.

Kwa fundi, Lusajo akaonyesha mguu wake, kisha mdomo. Kabeja akamkanyaga kidole gumba. Kwiii-grrr. Akaachia. Kimya. Akamkanyaga mara nne zaidi, mbili za utafiti, mbili za raha yake.

"Beringi ya klachi imekauka," akasema. Akaja na beringi mpya, akaifunga. Trekta likanyamaza, jaruba la Mama Sekela likalimwa.

Hapo ndipo watatu wakamzingira.

"Mimi nimelitoa jino," akasema Anyosisye. "Bila mimi mngekuwa bado mnafungua gia."

"Jino lilikuwa linaondoka tu, babu," akasema Lusajo. "Mimi nimepoteza mke."

"Mmoja kaleta ufizi, mwingine kaleta kelele," akasema Kabeja. "Ugonjwa nimeutaja mimi, dawa nimeifunga mimi. Na jaruba ninalo, lile pale, lina magugu."

Mfereji unafungwa kesho. Mama Sekela yuko juu ya trekta, mguu kwenye klachi, na klachi kimya kabisa. Haya, nyie wenye vyeti, anawasubiri: akate kona aingie jaruba la nani?