Kwa Nini Sanamu ya Drenava Haina Kichwa

Kulikuwa na wakati ambapo sanamu ya mji wa Drenava ilikuwa na kichwa. Tena si kimoja. Ilikuwa na vichwa vingi, ikivaa kimoja leo na kingine kesho, kama mtu mwenye kofia nyingi.

Drenava ni mji wa kale huko Ulaya, kwenye kona ya mto mpana ambao majira ya baridi huganda kuwa barafu. Ni mji mzuri, na uzuri wake ndio uliokuwa balaa lake, maana kila aliyepita na jeshi aliutamani. Walikuja watu wa kusini, wakajenga barabara zilizonyooka na nyumba za kuogea. Wakaja wapanda farasi wa nyikani, wakalaza farasi wao humo humo kwenye nyumba za kuogea. Wakaja watu wa mashariki na kahawa yao, kisha wa kaskazini na makoti ya vifungo vya shaba, kisha wa mashariki tena. Mtu aliweza kuzaliwa chini ya mfalme huyu, akaoa chini ya yule, akazikwa chini ya mwingine, naye hajawahi kuhama nyumba.

Kila aliyeingia aliuliza neno moja kwanza: "Sanamu yangu iko wapi?" Wakachongewa, wakachongewa, mpaka machimbo ya mawe yakakaribia kwisha na watu wakachoka. Basi wazee wa mji wakapatana kwamba kiwiliwili kibaki kile kile, kwa kuwa wafalme wote wana mabega na upanga. Kibadilishwe kichwa tu. Shingoni pakatobolewa tundu, na kila kichwa kikachongwa na kigingi chake cha kuchomeka. Kazi hiyo akapewa mchongaji wa mji, na pamoja na kazi ikaja sheria: mtawala akiingia akaona uso wa adui yake pale juu, kichwa cha mchongaji kitalipa.

Vichwa vya zamani havikuvunjwa. Nani angethubutu? Aliyefukuzwa wakati wa mavuno aliweza kurudi kabla ya theluji. Vikawekwa chini ya nyumba ya mchongaji, gizani, vikingoja zamu.

Mchongaji wa mwisho aliitwa Miloje. Mikono yake ilianza kutetemeka, akawa mtu wa kitandani, na kazi ikamwangukia binti yake, Grozdana. Binti huyu alikuwa na nguvu na bidii. Lakini alifanya kosa ambalo lisingeweza kufanyika mji mwingine wowote.

Huko kila nyumba huchachusha kabichi ya kula wakati wa baridi. Huipanga ndani ya pipa la maji ya chumvi, na juu yake hukandamiza kwa jiwe zito isielee. Mwaka mmoja mto uliganda mapema na mawe ya mtoni hayakupatikana. Grozdana alitazama huku na huku, akashuka chini ya nyumba, akambeba mfalme mmoja na kumtumbukiza.

Jirani yake, Bibi Stanka, alipochungulia pipa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta machozi, akasema, "Mwanangu, na mimi nigawie mmoja. Mwenye shingo nene."

Kabla baridi haijaisha, wafalme wote walikuwa wamesambaa mtaani, kila mmoja na pipa lake. Wakakaa humo mwaka baada ya mwaka, maana miaka hiyo mtawala hakubadilika. Miloje hakuambiwa.

Ndipo ikaja asubuhi ya mashaka. Askari waliokuwa wakiutawala mji waliondoka jua lilipochomoza, wamempakia mfalme wao wa jiwe kwenye mkokoteni, wakaacha shingo tupu. Mara mjumbe akapita akipiga kelele kwamba mfalme wa kaskazini ameshinda vita na anaingia leo. Grozdana akachukua ngazi. Hajafika uwanjani penye sanamu, mjumbe wa pili akasema aliyeshinda ni wa mashariki. Akageuka. Wa tatu akaapa kwamba hao wote wamekimbia, anayekuja ni mwingine, ambaye babu yake aliwahi kutawala hapa, ila jina lake limemtoka.

"Kwani sasa hivi anatutawala nani?" Grozdana akamuuliza mpiga kengele.

"Sasa hivi?" Yule mtu akatazama daraja la kuingilia mjini, akakuna kichwa. "Ngoja kwanza."

Grozdana hakungoja. Alikimbia nyumba hadi nyumba, wanawake wakakunja mikono ya nguo zao na kuwatoa wafalme mapipani. Waliwapanga chini ya sanamu, maji yakiwachuruzika. Hapo ndipo kosa lilipojulikana. Mawe ya Drenava ni ya chokaa, na uchachu huila chokaa polepole. Pua zilikuwa zimekwisha. Ndevu zimelainika kama sabuni. Waliokuwa wakali na waliokuwa wapole, wote sasa walikuwa na uso mmoja.

"Huyu ni wa mashariki," alisema Bibi Stanka. "Ana sikio."

"Sikio wote walikuwa nalo, bibi," Grozdana akasema.

"Basi ni wa kaskazini."

Grozdana alibeba kichwa kimoja mpaka kitandani kwa baba yake. Miloje akakipapasa kidevu, akapapasa paji, akatafuta pua asiipate. Halafu akanusa.

"Grozdana, mbona mfalme ananuka kabichi?"

Akamweleza yote huku akilia. Mzee akakigeuza kichwa mara ya mwisho. "Hata mimi simjui," alisema mwishowe. "Nipe koti langu. Mchongaji ni mimi, nitasimama mwenyewe mbele ya mtawala." Grozdana hakumpa koti. Alimfungia mlango kwa nje, akarudi uwanjani na kile kichwa kifuani, na tarumbeta zilikuwa tayari zinalia darajani.

Aliyeingia alikuwa mtu aliyechoka, juu ya farasi aliyechoka. Makoti ya watu wake yalijaa matope hata rangi haikujulikana. Aliitazama shingo tupu, akavitazama vichwa.

"Changu ni kipi?" aliuliza.

"Bwana wangu, sijui," Grozdana akasema. "Tangu asubuhi natafuta. Uso wako unaujua wewe. Chagua, nami nitapanda ngazi."

Mtawala akashuka. Aliinama kwa hiki, akainama kwa kile. Aliinua kimoja, akakishusha haraka. Akawauliza majemadari wake. Huyu akaonyesha kushoto, yule kulia, na wa tatu akaanza kuangalia mawingu. Mtawala akajishika pua yake mwenyewe, kama anayetaka kuhakikisha bado ipo. Aliogopa: akichagua vibaya, atakuwa amemtukuza adui yake kwa mkono wake, na mji mzima unatazama. Na mchongaji angeadhibiwaje, wakati hakuna uso wa adui pale juu?

"Pasiwekwe kitu," alisema. "Nitaleta mchongaji wangu kutoka kwetu."

Lakini kabla mchongaji huyo hajafika, bwana wake alikuwa ameshaondoka. Aliyemfuata alikuta shingo tupu, akadhani wenyeji wamemkata kichwa adui yake kwa kumpenda yeye. Akafurahi, akaagiza isiguswe. Wa baada yake akadhani vivyo hivyo.

Miloje alikufa kitandani kwake, mzee sana, na kichwa chake mabegani. Grozdana alipoulizwa siku ile aliingia nani, alijibu, "Sikumjua. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi." Mpaka leo watu wa Drenava wanabishana alikuwa nani.

Na tangu siku hiyo sanamu ile haijawa na kichwa. Njiwa hutaga katika tundu la shingo. Vile vichwa vya mawe, jioni ile ile wanawake walivirudisha nyumbani, kila mmoja akibeba kilichokuwa karibu naye. Na baridi ikianza kuuma, ukisikia mtu wa Drenava anajisifu kupita kiasi, utasikia pia mwenzake akimwambia taratibu, "Endelea tu. Pipa linakungoja."