Somo wa Mtoto wa Hidaya

Sogeeni karibu niwatwishe mzigo, na kila mmoja aubebe kwa kichwa chake mwenyewe.

Tanga mjini walikuwapo wanawake watatu wenye podikasti moja, wakieleza kwa nini watu huwa na tabia zao za kila siku: kwa nini mtu husema yuko njiani na kumbe bado anaoga, kwa nini mgeni mwenye njaa huapa kwamba ameshiba. Shemsa alisomea saikolojia, na alijua kukaa na watu mpaka wakamwambia yale wasiyowaambia ndugu zao. Mwanakheri alikuwa na kipaji cha kuuliza, akikuuliza, hukwepi. Zawena ndiye aliyerekodi na kuhariri, na sikio lake lilijua kipi kiachwe na kipi kikatwe.

Hidaya hakuwajua. Yeye alikuwa mjamzito, na yeye na mumewe Mbaruku walikuwa wamenuniana, kisa wali. Mbaruku alisema mbele ya dada zake kwamba wali umezidi chumvi, dada wakacheka, Hidaya akanyanyua sinia akalirudisha jikoni. Tangu hapo hawakusemeshana. Maneno yao yalipitia kwa paka.

"Paka, mwambie bwana wako chai iko mezani."

"Paka, mwambie bibi yako nimeiona."

Mwanzoni ilichekesha. Baadaye Hidaya alichoka kabisa, akaamua kwenda kwa mama yake Muheza, na moyoni hakuwa na nia ya kurudi. Ilimuuma sana, lakini alishaamua.

Asubuhi ya safari, akipanga nguo kwenye begi, aliwasha podikasti ya wale watatu kwenye simu ili nyumba isiwe kimya. Mada ilikuwa kununiana.

Shemsa ndiye aliyeanza. Alikuwa amezunguka majumbani akizungumza na watu wasiosemeshana, huku akifukuzwa na kurudi tena. "Wengi niliokaa nao, hasira ilishawatoka zamani," alisema. "Kinachowazuia ni woga. Nikisema nisijibiwe, uso wangu nitauweka wapi?" Hidaya aliacha kukunja nguo. Mtu huyu alikuwa anamsema yeye.

Kisha Mwanakheri akayaweka kando maswali waliyoyaandaa. "Wewe unayetusikiliza sasa hivi," alisema, "huyo unayemngoja aanze, na yeye anamngoja nani?" Swali lilimchoma hata yeye, kwa sababu alikuwa hasemi na dada yake.

Kikafuata kimya kirefu. Hidaya alidhani simu imezima. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba Shemsa na Mwanakheri walimtaka Zawena akikate kimya kile na kuweka muziki, maana msikilizaji asiposikia kitu huhama. Zawena alikataa katakata. "Mmemuuliza mtu swali," aliwaambia. "Mwacheni ajibu."

Katika kimya hicho Mbaruku, aliyekuwa ameketi chumba cha pili akinywa chai na kusikia yote, alitokea mlangoni, kikombe mkononi.

"Hidaya, usiende. Wali haukuzidi chumvi. Nilitaka tu kuwachekesha dada zangu."

"Mbona siku zote hizi husemi?"

"Niliogopa utaninyamazia."

Hidaya alilia, kisha akazitoa nguo begini moja moja.

Akajifungua mtoto wa kike. Akawaalika wanawake wale watatu kwenye akika, karamu ya kumpa mtoto jina, na akatangaza mapema kwamba mtoto ataitwa kwa jina la yule aliyeiponya nyumba yake. Kwa watu wa huko, mwenye jina huwa somo wa mtoto: humletea kanga, humuonya, humsimamia mpaka siku ya harusi yake. Na somo ni mmoja. Hidaya alikosea kutangaza kabla ya kuamua, maana wote watatu walilitaka jina lile na hawakuona haya kusema.

"Bila niliyoyatafuta mimi, wenzangu wangekuwa na lipi la kusema?" aliuliza Shemsa.

"Hayo Mbaruku aliyasikiliza akiwa ameketi," alijibu Mwanakheri. "Swali langu ndilo lililomwinua. Na nililiuliza likinichoma mwenyewe."

"Na mlitaka kulifunika kwa muziki," alisema Zawena. "Niliwakatalia peke yangu. Mbaruku angesemea wapi?"

Hidaya akamgeukia mumewe. "Kipi kilichokuinua?"

Mbaruku alikuna kichwa. "Niliona kumbe siko peke yangu, nikaulizwa, nikapata nafasi. Kimoja kingekosekana, ningemaliza chai yangu nikakuitia bajaji." Kisha akatania, "Au mpe la paka, ndiye aliyetumwa sana." Watu wakacheka. Hidaya hakucheka.

Jirani mmoja akamshauri ampe mtoto jina la bibi yake, mambo yaishe. Hidaya alikataa. Alishaonja yanayompata mtu anayekwepa neno gumu kwa kuogopa nyuso za watu, na hakutaka kuyarudia.

"Niliahidi," alisema. "Nitamtaja mmoja, na nitamtaja mbele ya wote watatu. Wawili wakininunia, nitawafuata makwao nikawasemeshe mimi kwanza."

Shehe amemwinamia mtoto, anasubiri jina. Hidaya keshavuta pumzi. Haya, semeni ninyi, na asiniambie mtu kwamba ni wote: somo wa mtoto huyu ni Shemsa, ni Mwanakheri, au ni Zawena?