Alama za Kunawa Mikono

Mtu mmoja, Rwegasira, alikabidhiwa chuo cha udaktari akiongoze. Yeye ndiye aliyepanga kitakachofundishwa na kuamua nani afaulu.

Mwaka mmoja, siku ya mtihani wa vitendo, bomba la chumba cha mtihani lilikauka. Rwegasira hakutaka kuahirisha. Akaagiza kwamba mwanafunzi akifika mahali pa kunawa, aseme tu amenawa, apewe alama zake. Ilikuwa ruhusa ya siku moja. Lakini mtihani ulikwenda upesi, sakafu haikulowa, na mwaka uliofuata bomba lilikuwa na maji tele, wala hakuna aliyejisumbua kulifungua. Muuguzi mmoja mkongwe alikwenda ofisini kulalamika. Rwegasira alimwonyesha matokeo: katika kunawa, chuo kizima hakikuwa na aliyefeli hata mmoja. Mama wa watu akarudi wodini.

Miaka ikapita. Kokubanza, binti pekee wa Rwegasira, akajifungua kwa upasuaji. Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda chake pale Daktari Lusajo alipokuja kukagua mshono. Kijana huyo alikuwa wa kwanza katika darasa lake, na alikuwa ametoka kusafisha kidonda cha usaha kitanda cha pili.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimenawa mikono," alisema Lusajo kwa sauti ya kutahiniwa, akafunua bandeji.

Rwegasira akaitikia, moyo wake ukatulia. Ndivyo alivyozoea kutulia kila mwaka aliposikia maneno hayo. Homa ilipompanda binti yake siku ya tatu, ndipo alipokumbuka kwamba mikono ile ilikuwa mikavu. Siku ya sita wakamzika Kokubanza, na mtoto akabaki mikononi mwa babu asiyejua hata kumbeba.

Alitafuta wa kumlaumu, akaagiza jalada la Lusajo. Kunawa mikono: alama zote. Chini yake palikuwa na sahihi yake mwenyewe. Akamwita kijana. Lusajo alilia kwa uchungu wa kweli, akaapa kwamba alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Hakuwa anadanganya, maskini. Wala hakujua alipokosea, na Rwegasira hakuwa na uso wa kumwambia.

Ninyi mliokabidhiwa kufundisha watu, kati ya hao wawili mngemfelisha nani?